"Mdundo wa Burundi" katika Hukumu Fupi za Wahakiki wa Roki na Popu: Mtazamo kutoka Gitega na Muyinga

Utangulizi

Hukumu fupi ya mhakiki wa muziki ni utanzu wenye masharti magumu. Katika sentensi mbili au tatu, mara nyingine zikiambatana na nyota au alama ya herufi, mhakiki hutakiwa kueleza albamu mpya inasikikaje, inafanana na nini, na kama inastahili fedha za mnunuzi. Robert Christgau aliuimarisha utanzu huu katika gazeti la Village Voice la New York kuanzia mwaka 1969, akizipa albamu alama kama mwalimu anavyosahihisha madaftari. Kwa kuwa nafasi ni finyu, mhakiki hawezi kueleza kila sauti anayoisikia. Hutegemea majina ambayo msomaji anayo tayari. Makala hii inachunguza jina moja la aina hiyo, yaani "mdundo wa Burundi", na kudai kwamba jina hilo liliwapa wasomaji wa Ulaya na Marekani nchi nzima huku likiwaficha wapigaji. Inadai pia kwamba uhakiki wa muziki kwa Kiswahili una nyenzo za kuepuka kosa hilo, iwapo utakubali kuazima istilahi kutoka Kirundi.

Safari ya mdundo

Mwishoni mwa miaka ya 1960, Ocora, kampuni ya santuri iliyohusiana na redio ya taifa ya Ufaransa, ilitoa Musique du Burundi, santuri iliyokuwa na sauti za ngoma zilizorekodiwa nchini humo. Mwaka 1971 sauti hizo ziliongezewa ala za popu, zikatolewa kwa jina la "Burundi Black", na wimbo ukaingia katika chati ya Uingereza. Mwaka 1975 Joni Mitchell alizitumia ngoma za Burundi pamoja na kinanda cha umeme cha Moog katika wimbo "The Jungle Line", ndani ya albamu The Hissing of Summer Lawns. Kati ya mwaka 1980 na 1981 makundi ya Adam and the Ants na Bow Wow Wow yakajenga nyimbo zao juu ya mapigo ya namna hiyo, na "Burundi Black" yenyewe ikatolewa upya.

Hapo ndipo jina la nchi lilipogeuka kuwa kivumishi. Katika uhakiki wa albamu za kipindi hicho, kutaja Burundi kulimaanisha ngoma nyingi, nzito, zinazorudiarudia. Msomaji aliielewa ishara hiyo bila kuwahi kumsikia mpigaji yeyote wa Burundi. Alichokuwa amekisikia ni Adam Ant. Si kila mhakiki aliyeridhika na hali hiyo. Robert Palmer wa New York Times aliandika mwaka 1981 kuhusu wimbi hilo la Uingereza, na akawakumbusha wasomaji kwamba walioupiga mdundo huo hapo awali hawakuwa miongoni mwa waliovuna mapato yake. Inafaa kutambua kwamba hoja hiyo ilihitaji makala kamili. Isingeweza kuingia katika hukumu ya sentensi mbili.

Kinachosikika Gishora

Kilomita chache kutoka mji wa Gitega kuna kilima cha Gishora, mahali patakatifu pa ngoma panapohusishwa na Mwami Mwezi Gisabo na ushindi wake dhidi ya mwasi Ntibirangwa. Hapo zilihifadhiwa ngoma zenye majina yao wenyewe, Ruciteme na Murimirwa. Jambo hili lina uzito kwa mhakiki: katika utamaduni ambamo ngoma moja huitwa kwa jina lake kama mtu, "mdundo wa Burundi" ni usemi maskini mno.

Umaskini huo unadhihirika zaidi katika muundo wa muziki wenyewe. Mpangilio wa ngoma huwa na sehemu tatu. Inkiranya, ngoma ya katikati, ndiyo inayoongoza na kutoa ishara za mabadiliko. Amashakwe hushika pigo lisilokatika. Ibishikizo hufuata mwongozo wa inkiranya. Wapigaji hupokezana mbele ya inkiranya, kila mmoja akiruka na kucheza kwa mtindo wake, kisha kumwachia mwenzake nafasi. Kwa hiyo, msikilizaji aliyezoea roki anaposema kwamba ngoma hizi "zinarudiarudia", kwa kweli anasikia amashakwe peke yake. Mazungumzo kati ya inkiranya na ibishikizo, ambayo ndiyo kiini cha sanaa hii, yamempita. Mtayarishaji anayekata kipande kifupi cha sauti na kukizungusha hufanya kosa hilo hilo kwa mashine: huacha pigo, hutupa mazungumzo.

Lipo pia suala la neno. Katika Kirundi, ingoma ni chombo, na ni ufalme pia. Ufalme ulifutwa mwaka 1966, lakini maana hiyo haikufutika katika lugha. Neno ngoma la Kiswahili lina asili moja na hilo, ila limepanuka kuelekea upande mwingine: chombo, uchezaji, hata shughuli nzima ya furaha. Mhakiki wa Kiswahili anayeandika "ngoma za Burundi" anapaswa kujua kwamba msomaji wake wa Mombasa huenda akafikiria sherehe, ilhali mpigaji wa Gitega anafikiria mamlaka.

Muyinga na maneno yaliyopuuzwa

Muyinga iko kaskazini-mashariki, katika njia inayoelekea mpaka wa Kobero na Tanzania. Kiswahili huko ni lugha ya biashara na ya jamii ya Waislamu. Kutoka hapo, tatizo la hukumu fupi linaonekana kwa sura nyingine. Khadja Nin, mwimbaji mzaliwa wa Burundi, alitoa albamu Sambolera mwaka 1996 akiimba kwa sehemu kubwa Kiswahili. Barani Ulaya kazi kama yake iliwekwa katika rafu ya "muziki wa dunia", jina lililokubaliwa na wenye kampuni za santuri katika mkutano wa London mwaka 1987 ili maduka yajue pa kuziweka santuri. Jina la rafu likawa jina la utanzu, na hatimaye kigezo cha hukumu: sauti husifiwa kwa utamu, maneno yakaachwa. Mnunuzi wa Muyinga hahitaji rafu hiyo. Anayasikia maneno kwanza, na anaweza kusema kama Kiswahili kimetumiwa kwa ustadi au kama pambo tu. Hukumu yake ya mdomo, hata ikiwa ya sentensi moja, imebeba taarifa ambayo ile ya Ulaya haikuweza kuibeba.

Jina, mapato na sheria

Mwaka 2014 UNESCO iliiingiza ngoma ya kifalme ya Burundi katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika. Oktoba 2017, amri ya rais iliwazuia wanawake kupiga ngoma hizo, ikavitaka vikundi vijisajili wizarani, na ikaweka malipo ya faranga 500,000 kwa maonyesho yasiyo rasmi. Lengo lililotajwa lilikuwa kuulinda urithi. Hata hivyo, mtu akilinganisha amri hiyo na uhakiki wa mwaka 1981, ataona kwamba zote mbili zinaitambua Burundi kama mmiliki wa mdundo, na zote mbili hazimtaji mpigaji wala kilima chake. Hifadhi ya jina la taifa haimletei malipo mtu ambaye jina lake halikuandikwa kwenye jalada la santuri.

Kwa washauri wa sera, hatua iliyo karibu zaidi ni ya kiistilahi. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, yenye makao yake Zanzibar, inaweza kuziingiza inkiranya, amashakwe na ibishikizo katika faharasa ya muziki bila kuzitafsiri, kama ambavyo taarabu na benga zimeingia bila tafsiri. Wahariri wa kurasa za burudani nao wanaweza kudai kwamba kila hukumu ya albamu yenye ngoma hizi, hata ikiwa ya maneno 40, itaje kikundi, mahali kiliporekodiwa na nani aliyeshika inkiranya. Maneno 40 yanatosha kwa hayo, na bado yatabaki machache ya kusema kama albamu ni nzuri au mbaya.