Mashindano ya mashua za matanga: Ambapo nahodha hujihukumu mwenyewe

Kila mwaka mwezi wa Agosti, mji mdogo wa Cowes katika kisiwa cha Wight, kusini mwa Uingereza, hujaa mabaharia. Mamia ya mashua za matanga hukusanyika katika mlango wa bahari wa Solent kwa juma zima la mashindano ambayo yalianza mwaka 1826. Mtu anayeyatazama kwa mara ya kwanza akiwa ufukweni aghalabu huona vurugu tupu. Matanga yanapishana kila upande, mizinga inalia, bendera zinapanda na kushuka, na watu wanapigiana kelele katikati ya maji.

Hata hivyo, vurugu hiyo ina sheria zake, na sheria hizo ni zile zile zinazofuatwa na klabu za mashua za Dar es Salaam, Tanga na Mombasa. Linaloshangaza zaidi ni kwamba, katika mashindano mengi ya aina hii, hakuna refa mwenye kipenga anayewafuata washindani majini. Sheria inamtaka kila nahodha aitii, awasimamie wenzake waitii, na akikosa ajiadhibu mwenyewe papo hapo.

Je, utaratibu huo unawezekanaje, na ni nini kinachouzuia usigeuke kuwa mchezo wa wadanganyifu?

Chanzo cha sheria

Kitabu cha sheria hutolewa na shirikisho la kimataifa la mchezo huu, World Sailing, ambalo lilianzishwa mwaka 1907. Hupitiwa upya kila baada ya miaka minne, na toleo linalotumika sasa lilianza Januari mwaka 2025 na litadumu hadi mwisho wa mwaka 2028.

Kitabu hicho peke yake hakitoshi. Kila klabu inayoandaa mashindano hutoa nyaraka mbili zaidi. Ya kwanza ni tangazo la mashindano, linaloeleza nani anaruhusiwa kushiriki, lini na kwa masharti gani. Ya pili ni maelekezo ya mashindano, yanayotaja njia itakayofuatwa, maboya yatakayozungukwa na upande ambao kila boya litaachwa.

Umuhimu wa nyaraka hizo ulidhihirika mapema. Tarehe 22 Agosti mwaka 1851, mashua moja kutoka Marekani, iliyoitwa America, ilishindana na mashua za Waingereza kukizunguka kisiwa cha Wight. Waingereza walikuwa wamezoea kupita nje ya meli ya taa iliyotia nanga mahali paitwapo Nab. America ilikata njia ikapita ndani, ikaokoa masafa, na ikamaliza ya kwanza. Pingamizi liliwekwa, lakini likaondolewa ilipobainika kwamba maelekezo waliyopewa Wamarekani hayakuitaja Nab hata kidogo.

Kombe walilolipata lilikaa New York hadi mwaka 1983, lilipochukuliwa na Waaustralia. Ndilo linaloitwa hadi leo Kombe la America, kwa jina la mashua ile. Tangu hapo kila kamati makini inajua kwamba jambo lisiloandikwa haliwezi kudaiwa baadaye.

Dakika tano za kuanzia

Mashua ya tanga haiwezi kusimama tuli ikingoja kuanza kama mkimbiaji uwanjani. Upepo unaisukuma na mkondo unaichukua. Ndiyo maana mashindano huanza kwa mstari wa kufikirika baharini, aghalabu kati ya mlingoti wa mashua ya kamati na boya. Huko Cowes, mstari huo huanzia katika ngome ya klabu ya Royal Yacht Squadron, yenye mizinga midogo ya shaba iliyopangwa mbele yake.

Zikibaki dakika tano, bendera ya daraja la mashua zinazohusika hupandishwa pamoja na mlio. Zikibaki dakika nne hupandishwa bendera ya matayarisho, na kuanzia hapo mashua zinahesabika kuwa ziko mashindanoni. Ikibaki dakika moja, bendera hiyo ya pili hushushwa. Dakika ikitimia, bendera ya daraja nayo hushushwa, na hapo mashindano yameanza.

Washindani wanatakiwa kufuata bendera wala si mlio. Mzinga ukikwama, au sauti yake ikipotea katika upepo, bendera ndiyo inayohesabika.

Katika dakika hizo tano manahodha huzunguka nyuma ya mstari, wakikadiria saa, upepo na mkondo, ili wauvuke mstari kwa kasi mara tu ishara inapotolewa. Anayetangulia hata kwa ncha ya omo huitwa arudi. Kamati hupandisha bendera nyeupe yenye msalaba wa buluu, na asiyerudi akauvuka mstari upya huhesabiwa kwamba hakuanza kabisa. Waliotangulia wakiwa wengi hata haiwezekani kuwatambua, wote huitwa na kuanza upya.

Wakaidi nao wana dawa yao. Kamati ikichoka kuwarudisha watu, inaweza kutumia bendera nyeusi badala ya ile ya kawaida ya matayarisho. Hapo mashua yoyote itakayoonekana katika eneo la mbele ya mstari katika dakika ya mwisho hufutwa bila kusikilizwa.

Inafaa kulinganisha na majahazi ya Ghuba. Katika mashindano ya Al Gaffal ya Dubai, yaliyoanzishwa mwaka 1991 na ambayo jina lake lakumbusha kurejea kwa wapiga mbizi wa lulu, majahazi ya futi 60 hupangwa mstari karibu na kisiwa cha Sir Bu Nair yakiwa yameshusha matanga. Ishara ikitolewa, ndipo mabaharia huyapandisha na kuondoka. Utaratibu ni tofauti, lakini shabaha ni moja, yaani asiwepo mtu wa kuiba mwanzo.

Nani ampishe nani

Kiini cha kitabu cha sheria ni swali hilo. Majibu ya msingi ni matatu.

La kwanza linahusu mashua zinazopokea upepo kwa pande tofauti. Mashua inayopigwa na upepo ubavu wa kulia ina haki ya kupita, na inayopigwa na upepo ubavu wa kushoto inapaswa kupisha. Sheria hii hutumika sana wakati wa kupiga bisha, kwa kuwa hakuna chombo cha tanga kinachoweza kuukabili upepo moja kwa moja. Hukata upande huu, kisha upande ule, na njia za washindani hukatana mara kwa mara.

La pili linahusu mashua zilizo ubavu kwa ubavu, zote zikipokea upepo kwa upande mmoja. Hapo iliyo upande unakotoka upepo ndiyo inayopaswa kuipisha iliyo upande wa demani. Mantiki yake ni kwamba mashua iliyo juu huizibia upepo iliyo chini, na hivyo ina uwezo zaidi wa kujiendesha.

La tatu ni jepesi. Mashua zikiwa zinapokea upepo kwa upande mmoja na moja iko nyuma kabisa ya nyingine, ya nyuma huipisha ya mbele.

Mwenye haki naye hakuachwa huru afanye atakavyo. Akibadilisha mwelekeo, sharti ampe mwenzake nafasi ya kumpisha. Zaidi ya hayo, kila mashua, hata yenye haki, inatakiwa kuepuka kugongana ikiwezekana. Nahodha anayesababisha madhara kwa ajili tu ya kuthibitisha kwamba haki ilikuwa yake, anaweza kuadhibiwa pamoja na mkosaji.

Mahali penye mizozo mingi ni kwenye boya, ambako mashua zote hutaka kupita pembe moja kwa wakati mmoja. Sheria huchora duara la kufikirika kulizunguka boya, lenye upana wa urefu wa mashua tatu kutoka boyani. Mashua ya kwanza inapofika ukingoni mwa duara hilo, hali ilivyo wakati huo ndiyo inayoamua. Ikiwa kuna mashua mbili ubavu kwa ubavu, ya nje sharti iiachie ya ndani nafasi ya kuzunguka. Aliyekuwa nyuma hana ruhusa ya kujipenyeza dakika ya mwisho kisha akadai njia.

Kosa na adhabu

Mashua iliyogusa boya inapaswa kujiondoa mbele ya wenzake na kuzunguka mara moja mahali pale pale, kisha iendelee. Iliyomnyima mwenzake haki ya kupita huzunguka mara mbili. Mizunguko hiyo huchukua muda, na mashua inayoifanya huachwa nyuma mbele ya macho ya kila mtu. Ikiwa kosa limejeruhi mtu, limeleta uharibifu mkubwa au limempa mkosaji faida kubwa, mizunguko haitoshi, na sharti ajitoe katika mbio hizo.

Vipi ikiwa nahodha hakubali kwamba amekosa? Aliyedhulumiwa hupaza sauti papo hapo kutamka kwamba anaweka pingamizi na, ikiwa mashua yake ina urefu wa mita sita au zaidi, hupandisha bendera nyekundu. Hawezi kungoja afike nchi kavu, aone amefungwa, ndipo akumbuke kwamba alionewa.

Baadaye huandika maelezo yake, kwa kawaida ndani ya saa mbili baada ya mashua ya mwisho kumaliza, isipokuwa maelekezo yaseme vingine. Kikao huitishwa. Pande zote mbili zina haki ya kuwapo wakati wote ushahidi unapotolewa, kuleta mashahidi na kuwauliza maswali. Mwenye maslahi katika shauri haketi miongoni mwa waamuzi. Kwanza huamuliwa kilichotokea, kisha sheria ipi inahusika, na mwisho hukumu. Katika chumba hicho, mwenye mashua ya mamilioni na kijana mwenye kidau cha kuazima huketi meza moja na kuulizwa maswali yale yale.

Kuhesabu ushindi

Katika mashindano ya siku kadhaa, mwenye alama chache ndiye mshindi. Wa kwanza hupata alama 1, wa pili 2, na kuendelea. Asiyemaliza hupewa alama sawa na idadi ya mashua zilizoandikishwa, kisha huongezewa moja. Kwa kawaida matokeo mabaya zaidi ya kila mshindani hufutwa, ili ajali ya siku moja isiharibu kazi ya juma zima.

Mashua za aina tofauti zinaposhindana pamoja, muda wa kila moja huzidishwa kwa kigezo chake. Tuseme mashua kubwa yenye kigezo cha 1.100 imemaliza kwa dakika 100, na ndogo yenye kigezo cha 0.950 imemaliza kwa dakika 112. Ya kwanza itahesabiwa dakika 110, na ya pili dakika 106.4. Iliyofika nyuma ndiyo iliyoshinda.

Uhai kwanza

Sheria ya kwanza kabisa katika kitabu haihusu kushinda. Inamtaka kila mshindani atoe msaada wote awezao kwa mtu aliye hatarini. Sheria nyingine inasema kwamba uamuzi wa kuanza au kuendelea na mashindano ni wa mashua yenyewe, si wa klabu iliyoandaa.

Masharti haya yana uzito wa damu. Agosti mwaka 1979, mashua 303 ziliondoka Cowes katika mbio za Fastnet, kwenda hadi mwamba wa jina hilo karibu na Ireland na kurejea Plymouth. Dhoruba ikazikuta njiani. Washindani 15 walikufa, na mashua 86 tu ndizo zilizomaliza. Baada ya uchunguzi, masharti yalikazwa, ikiwa ni pamoja na kubeba redio za mawasiliano na mabaharia kuwa na uzoefu wa kutosha wa bahari kuu.

Miaka tisa baadaye, tarehe 24 Septemba mwaka 1988, Lawrence Lemieux wa Canada alikuwa katika nafasi ya pili kwenye mashindano ya Olimpiki huko Pusan, Korea Kusini. Upepo ulikuwa mkali. Aliona mabaharia wawili wa Singapore ambao mashua yao ilikuwa imepinduka. Akaiacha njia yake, akawaopoa, akangoja hadi chombo cha wenyeji kilipofika kuwachukua, ndipo akarudi mashindanoni, nafasi yake ikiwa imekwisha kupotea.

Hapo kitabu cha sheria kilifanya kazi yake. Mshindani aliyepoteza nafasi kwa kuokoa mtu ana haki ya kufidiwa. Waamuzi waliketi na kumrudishia Lemieux nafasi ya pili katika mbio hizo. Hakupata medali ya mashindano, kwani katika jumla ya mbio zote alimaliza wa 11, lakini Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilimtunukia medali ya Pierre de Coubertin kwa uungwana wake.

Ikumbukwe kwamba fidia hiyo haikuwa hisani ya waamuzi. Ilikuwa imeandikwa tangu awali, ili nahodha anayeona mkono ukipunga majini asilazimike kuchagua kati ya ushindi wake na uhai wa mwenzake. Kwa yeyote anayefikiria kujiunga na klabu ya mashua, iwe Msasani, Kilindini au Southampton, huo ndio ukurasa wa kuanzia kusoma.