Kahawa ya Mgeni Kamachumu

Anayepanda barabara ya kutoka Muhutwe kwenda Kamachumu, mkoani Kagera, huona kahawa kabla hajaona nyumba. Mibuni imesimama chini ya migomba, kibanja baada ya kibanja, yaani mashamba yanayozunguka nyumba, na nyumba zenyewe zimejificha katikati ya kijani hicho hadi uzifikie kwa njia ya miguu. Lakini mtu huyo huyo akifika madukani na kuuliza wapi atapata kahawa, ataonyeshwa chai. Ataletewa chai ya maziwa au ya rangi, chapati, maandazi, na akisisitiza sana atawekewa maji ya moto na kopo la kahawa ya unga iliyotengenezwa na TANICA pale Bukoba mjini. Asipouliza zaidi ataondoka akiamini kwamba watu hawa wanalima kahawa wasiyoijua ladha yake.

Imani hiyo nimeisikia hata kwa vijana waliozaliwa huko huko na kukulia Mwanza au Dar es Salaam. Wanasema Kagera ina zao la kahawa, lakini utamaduni wa kahawa upo Zanzibar, kwenye dele na vikombe vidogo vya barazani. Inaniuma kusikia hivyo, kwa sababu Wahaya, wenyeji wa huko, walikuwa wakila kahawa na kupokea wageni kwa kahawa tangu enzi za Bakama, wafalme wao wa jadi, muda mrefu kabla ya Emin Pasha kuweka kituo cha Wajerumani Bukoba mwaka 1890. Wanaitafuna. Na mahali pa kuipata ni sebuleni kwa mtu, ambako hailipiwi.

Utaratibu wake hauhitaji mwaliko. Unaingia kibanjani, unapiga hodi, unasimama mpaka uitikiwe. Zamani ungekuta msonge, na sakafuni nyasi laini zilizotandikwa kwa ustadi. Siku hizi utakuta nyumba ya matofali na bati, ingawa zipo nyumba ambazo bado hutandika nyasi kwa ajili ya sherehe au kwa heshima ya mzee asiyependa kiti. Aliye mdogo humwamkia mkubwa: "Shumalamu, tata," au "Shumalamu, ma," huku amejishusha kidogo. Wanawake wa makamo bado hupiga goti, na sijaona mtu akiwalazimisha. Mwenye nyumba huitikia, huuliza ulikotoka na waliobaki huko wanaendeleaje, mmoja mmoja, bila haraka. Wakati maswali hayo yakiendelea mtoto ametumwa ndani, na anarudi na kikapu kidogo kilichosukwa, au sahani, au siku hizi kibakuli cha plastiki. Ndani yake mna akamwani, kahawa ya kutafuna, punje nyeusi zilizokauka pamoja na maganda yake.

Katika nyumba nyingi nilizokaribishwa, mwenyeji hutia mkono kwanza. Huchukua punje moja, huitia kinywani, ndipo akusogezee. Wazee hueleza kwamba ndivyo mtu anavyomhakikishia mgeni kuwa hakuna ubaya ndani ya chombo. Nawe unachukua mbili tatu. Ukichota kwa kiganja kizima utaonekana huna adabu. Ukikataa kabisa bila kutoa sababu, mazungumzo hupoa. Chakula kinaweza kufuata au kisifuate, kwa kuwa ebitoke, ndizi za kupika, huchukua muda jikoni na mgeni wa ghafla husamehe. Akamwani ndiyo haitakiwi kukosekana. Nimewahi kuona bibi mmoja akimtuma mjukuu kwa jirani kuazima punje chache kupitia mlango wa nyuma, ili mgeni wa mlango wa mbele asijue kwamba kikapu kilikuwa kitupu.

Basi kahawa hiyo hutengenezwaje? Ni robusta, ile iliyozoea ardhi na mvua za ukanda huu wa Ziwa Victoria. Kwa ajili ya soko matunda husubiriwa yaive mekundu. Kwa ajili ya kutafuna huchumwa yakiwa yamekomaa lakini bado ni ya kijani. Huchemshwa kwenye chungu au sufuria pamoja na majani na nyasi zenye harufu nzuri, na hapo kila nyumba ina yake. Kisha huanikwa juani siku kadhaa, au huwekwa juu ya meko yakauke taratibu kwa moto na moshi. Niliowaona wakifanya kazi hii wengi ni kina mama, na ujuzi wao hawauandiki popote. Binti hukaa karibu na chungu, hunusa, huulizwa kama zimetosha, na siku moja anaambiwa azitoe mwenyewe.

Kwa kuwa kila nyumba ina majani yake na moto wake, kahawa za Kamachumu hazifanani, na wenyeji wanazijadili kwa makini sana. Mtu akitoka matembezini huulizwa habari za huko, na katika habari hizo mna kahawa. "Za kwa fulani zimekolea." "Za kule walizitoa mapema." Nami nimejifunza kuzipima kama wanavyozipima wao. Kwanza ganda: likiwa zuri limekaza juu ya punje, jeusi lenye kung'aa kidogo, na ukilibana kwa meno ya mbele linavunjika kwa sauti. Likiwa laini, halikukauka, na ndani utakuta harufu ya ukungu. Pili harufu, kabla ya kutafuna: yafaa usikie jani na moshi kwa pamoja, kimojawapo kisimeze kingine. Tatu uchungu wenyewe. Unakuja mapema, unakaza ulimi, halafu kama mpishi anajua kazi yake unauachia nafasi utamu mwembamba unaobaki kooni hata baada ya kumaliza. Upande wa Ndolage nilipewa kahawa yenye moshi mwingi, iliyokaa juu ya meko muda mrefu. Niliipenda, ingawa inachosha ukizidisha punje tano. Karibu na Rutabo nilikuta iliyokaushwa kwa jua tupu, ina harufu ya nyasi mbichi na uchungu safi usio na kificho. Kwa kinywa changu hiyo ya Rutabo ndiyo bora niliyowahi kuonja, na aliyeitengeneza alishangaa kusikia kwamba kuna mtu anayeweza kulizungumza jambo hilo kwa muda mrefu hivyo.

Kazi ya akamwani haiishii kwenye kupokea wageni. Kwenye matanga hupita mkono kwa mkono usiku kucha, maana huondoa usingizi na kumsaidia mfiwa kukaa na watu. Msafiri wa basi hufunga chache kwenye leso. Mzee anayesikiliza shauri la mpaka wa kibanja huitafuna polepole kabla ya kusema neno, na wote wanasubiri amalize. Zamani ilitumika pia kwenye matambiko ya mababu, desturi ambayo makanisa yaliipiga vita na ambayo leo wachache huitaja hadharani.

Na kulikuwa na omukago, udugu wa kuchanjiana. Ndani ya tunda moja la kahawa hulala punje mbili, zimekumbatiana uso kwa uso. Watu wawili waliotaka kuwa ndugu kuliko ndugu wa tumbo moja walichanjwa tumboni karibu na kitovu, punje ikapakwa damu, na kila mmoja akameza iliyo na damu ya mwenzake. Tangu hapo mmoja hakuweza kumnyima mwenzake chakula, kumficha siri ya hatari wala kumwacha peke yake penye ugomvi. Dini mpya ziliidhoofisha desturi hiyo, na mwaka 1983, wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walipogunduliwa Kagera, kuchanjiana damu kukawa jambo la kuogopwa kwa haki. Sitamani irudi. Natamani tu mtoto wa Kamachumu ajue kwamba punje anazoziona kwenye gunia la chama cha ushirika ziliwahi kubeba ahadi nzito namna hiyo.

Zilivyohamia kwenye gunia ni historia ndefu. Enzi za Bakama upandaji wa mibuni haukuwa huru kwa kila mtu. Watawala waliushika, na punje zilisafiri kama tunu na bidhaa hadi Buganda. Wakoloni walitaka kodi ya fedha, na mibuni ikatapakaa kila kibanja. Mwaka 1937 Bukoba ilitikiswa na ghasia za kupinga amri za serikali juu ya utunzaji wa mibuni. Mwaka 1950 wakulima wakapata chama chao kikuu, Bukoba Native Co-operative Union, ambacho baada ya mabadiliko mengi ya jina na ya sera tunakifahamu leo kama KCU, yaani Kagera Co-operative Union. Miaka hiyo hiyo ya mwanzo ya 1950 Kamachumu yenyewe iliona polisi wakitawanya kwa mabomu ya machozi umati uliokusanyika kumsikiliza mwanasiasa Ali Migeyo, aliyekuwa akipinga amri za kilimo cha migomba. Kibanja kilikuwa siasa, na kahawa ilikuwa karo. Ilijenga nyumba na kusomesha madaktari, walimu na mapadri.

Lakini fedha ilibadili hesabu za nyumbani. Kahawa ikawa mali ya baba, inayopimwa kwa kilo, na tunda lililochumwa kijani kwa ajili ya kikapu cha mgeni likaanza kuonekana kama hasara. Ikazuka butura, yaani kuuza kahawa ikiwa bado ua au tunda changa mtini, kwa bei ya kutupa, kwa sababu mtoto anaumwa au shule inafunguliwa kesho. Familia iliyouza kwa butura haina cha kuchuma kwenye mti wake yenyewe. Kabla ya mwaka 1998 mnyauko ulianza kuua mibuni ya robusta Kagera, na tangu 2006 migomba nayo imeshambuliwa na mnyauko wa bakteria. Serikali ikaagiza mwaka 2018 kwamba kahawa yote ipitie vyama vya ushirika, na mjadala wa bei unaendelea kila msimu. Katika mijadala yote hiyo niliyoisikiliza, akamwani haitajwi kabisa, kana kwamba kahawa ambayo haikuuzwa haikuwahi kuwepo.

Mbali huko, Korea Kusini, watu wamefanya kinyume. Hawalimi kahawa ya kutajika, lakini wanaizungumzia sana. Husimuliwa kwamba mfalme wao Gojong aliionja mwaka 1896 alipokuwa amejihifadhi kwenye ubalozi wa Urusi, na mwaka 1976 kampuni ya Dongsuh ikatoa pakiti ndogo yenye kahawa, maziwa ya unga na sukari pamoja. Kufikia mwisho wa 2022 nchi hiyo ilihesabiwa kuwa na migahawa ya kahawa zaidi ya 100,000. Katika jiji kama Seoul, mbali na majina makubwa, kila mtaa una vyumba vidogo vya mtu binafsi, na wapo watu ambao starehe yao ni kuvitembelea kimoja baada ya kingine, kuonja, kuandika nani anakaanga vizuri, nani ana meza tulivu, nani anamkumbuka mteja. Nawaheshimu kwa bidii hiyo. Wamechukua punje ya kigeni wakaifanya sababu ya kutazamana usoni katika jiji lenye watu wengi wasiojuana. Nasi tunaoilima punje hiyo uani kwetu hatujaandika hata ukurasa mmoja kuhusu kahawa ya jirani.

Akamwani inayouzwa stendi na bandarini Bukoba, katika vifungu vya majani makavu ya mgomba, imeifanya desturi iendelee kuwa hai kwa wasafiri, na nawashukuru wanaoiuza. Hata hivyo mara nyingi ni ya haraka: imechemshwa kidogo, haina jani, imekaushwa pembeni mwa barabara. Kijana anayeionja hapo kwa mara ya kwanza huitema, na simlaumu. Aliyekulia kwenye kikapu cha bibi ndiye anayejua kwamba kuna nyingine.

Siku hizi vijana wenye mtaji wanafungua migahawa ya kahawa Bukoba, yenye mashine zinazovuma na vikombe vya povu. Wafungue mingi zaidi, hata Muleba na Kamachumu kwenyewe. Mkulima anastahili kunywa anachokilima. Ninawaomba jambo moja. Mteja anapoketi, kabla hajaletewa orodha ya bei, wekeni mezani kikapu kidogo cha akamwani, punje chache, bila malipo, na chukueni moja kwanza ninyi wenyewe. Nunueni kwa kina mama wanaojua majani, muwalipe vizuri, mwandike ukutani zimetoka kijiji gani.

Na wewe unayerudi nyumbani Kamachumu mwisho wa mwaka, chukua daftari ukae na bibi jikoni. Andika majani anayotia chunguni, siku anazoanika, na jinsi anavyojua kwamba zimetosha. Anza na bibi yako, kisha nenda kwa jirani.