Waridi Jeupe na Mchumba Fukara

Mwaka 1933, senema zilipokuwa ndiyo kwanza zimepata sauti, Misri ilitoa filamu iitwayo Al-Warda al-Bayda, yaani Waridi Jeupe, iliyoongozwa na Muhammad Karim. Mwimbaji wake ni Muhammad Abdul-Wahhab, ambaye nyimbo zake wazee wetu wa taarabu walizijua mno. Hatumwiti mtu kwenye senema. Tunaitaja kwa ajili ya funzo lake.

Karani fukara ampenda binti wa tajiri aliyemwajiri. Baba amtaka amwache binti yake, kwa kuwa si wa hadhi yao. Karani akubali, ageukie uimbaji, na wawili hao wasioane.

Kisa hicho kilitujia hapa Nchiru, Meru, ambako watoto wengi wa pwani huja kusoma chuo kikuu. Binti mmoja alitujia na mama yake, machozi yakimtoka. Aliyemposa ana dini na tabia njema, ila baba amemkataa kwa kuwa hana kitu.

Tulimwusia binti asitoroke, kwani idhini ya walii ina heshima yake. Kisha tukampigia baba simu, tukamkumbusha Sura An-Nur, aya ya 32: ufukara si kizuizi cha ndoa, Mwenyezi Mungu ndiye mwenye kutajirisha.

Alinyamaza kitambo, kisha akasema: "Sheikh, nami nilipomposa mama yake nilikuwa kuli bandarini."

Ameomba wiki moja afikiri. Wazazi wenzetu, mwombeeni.