Mafunzo ya Awali ya Mbwa wa Kuokota Mawindo

Mwindaji wa ndege katika nchi iliyo kando ya Ziwa Victoria hukabiliwa na tatizo moja kila anapolenga shabaha: ndege aliyepigwa aghalabu huangukia mahali ambapo binadamu hamwoni. Bata maji huangukia katikati ya majaruba ya mpunga. Kanga na kwale hutumbukia vichakani. Na ukingoni mwa Ghuba ya Mwanza na Ghuba ya Speke kuna matete na mafunjo yaliyosongamana. Ndege asiyeokotwa ni hasara, na kama amejeruhiwa tu, hufa polepole kwa mateso. Kwa sababu hiyo watu walizalisha mbwa ambao kazi yao si kukimbiza mnyama wala kumng'ata, bali kumtafuta ndege aliyekwisha anguka na kumleta mkononi mwa mwindaji bila kumharibu.

Mbwa wanaojulikana zaidi kwa kazi hiyo ni wa aina mbili. Labrador asili yake ni mbwa waliofanya kazi pamoja na wavuvi wa Newfoundland, kisiwa cha Kanada. Golden Retriever alianza kuzalishwa Uskoti mwaka 1868. Lakini asili peke yake haitoshi. Mbwa wengi wa nasaba nzuri hushindwa kazi, na mara nyingi chanzo cha kushindwa huko hutokea mapema, kabla mwenyewe hajadhani kuwa mafunzo yameanza.

Majuma ya kwanza

Kilebu, yaani mtoto wa mbwa, huzaliwa kipofu na kiziwi. Macho hufunguka kiasi cha majuma mawili baada ya kuzaliwa, na masikio huanza kusikia kiasi cha juma la tatu. Tangu hapo hadi juma la kumi na mbili au la kumi na nne huwapo kipindi ambacho ubongo wake hupokea kwa wepesi kila jambo jipya na kuliweka katika hesabu ya mambo ya kawaida. Baada ya kipindi hicho, jambo geni huwa ni jambo la kuogofya.

Ukweli huo ulithibitishwa na watafiti wa Bar Harbor, katika jimbo la Maine, Marekani. Katika jaribio lililotangazwa mwaka 1961, vilebu walilelewa na mama zao katika uwanja uliozungushiwa ua, mbali na watu. Baadhi yao walitolewa kwa juma moja moja, kila kundi katika umri wake, ili wazoeane na binadamu. Wale ambao hawakuguswa na mtu hadi walipofikia majuma kumi na manne walikuwa kama wanyama wa porini. Mwaka 1965 John Paul Scott na John Fuller walichapisha kitabu kilichokusanya matokeo ya utafiti wao wa miaka mingi mahali hapo.

Maana ya matokeo hayo kwa mfugaji wa Mwanza ni kubwa. Katika nyumba nyingi mbwa hufungiwa bandani mchana kutwa tangu udogoni, kwa imani kwamba asiyezoea watu atakuwa mkali usiku. Malezi hayo huzaa mbwa mwoga, na mbwa mwoga ndiye aumaye ovyo. Kwa mbwa wa mawindo malezi hayo ni sumu kabisa. Yeye anahitaji kuwaona watoto, wazee, baiskeli, pikipiki, mbuzi, kuku na mitumbwi. Kukanyaga mchanga, nyasi zenye umande na majabali. Na kuguswa mdomo, masikio na nyayo kwa upole kila siku.

Woga wa mlio

Hasara kubwa kuliko zote katika mafunzo haya ni mbwa kuiogopa bunduki. Masikio ya mbwa husikia sauti nyembamba kupita kiasi cha masikio ya binadamu: binadamu huishia kwenye mitetemo 20,000 hivi kwa sekunde, hali mbwa hufikia 45,000 hivi. Mtu anayempeleka kilebu karibu na bunduki ili kumjaribu kama ana moyo huenda akamharibu kwa risasi moja tu, na woga wa namna hiyo ni vigumu mno kuuondoa.

Njia iliyo salama ni kuuambatanisha mlio na jambo jema. Ivan Pavlov, mwanasayansi wa Urusi aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1904, alionyesha kwamba mbwa akizoea kupewa chakula baada ya ishara fulani, ishara hiyo peke yake humtoa mate. Vivyo hivyo kilebu anapokuwa anakula, mtu aliye mbali hugonga sufuria mara moja, polepole. Akiendelea kula bila kushtuka, siku nyingine mgongaji husogea hatua chache. Akiinua kichwa na kuacha chakula, mgongaji amekaribia mno, naye hana budi kurudi nyuma. Bunduki yenyewe huja baada ya miezi kadhaa, nayo huanzia mbali kwa utaratibu uleule.

Somo la kuokota

Somo la kwanza halihitaji zana za gharama. Soksi kuukuu iliyoviringishwa na kufungwa uzi yatosha. Mfunzaji huketi mwisho wa ujia mwembamba kati ya kuta mbili na kuirusha soksi hatua chache mbele. Kilebu huikimbilia na kuidaka; na kwa kuwa hana njia nyingine ya kupita, humrudia mfunzaji. Hapo husifiwa na kupewa kitoweo kidogo mara moja. Sifa ikichelewa, mbwa huihusisha na jambo jingine alilolifanya baadaye.

Mara mbili au tatu kwa siku zatosha. Mchezo ukome wakati kilebu bado anautamani, maana akichoshwa leo, kesho hatakuja.

Makosa matatu yaepukwe. La kwanza ni kuvutana naye soksi: mbwa ajifunzaye kung'ang'ania ataminya ndege hata nyama isifae kuliwa. La pili ni kumkimbiza anapokimbia nayo. Mfunzaji na ageuke na kwenda zake, naye kilebu atamfuata. La tatu ni kumpiga anapokuja akiwa na kiatu au kuku kinywani. Yeye haelewi kwamba anaadhibiwa kwa kuchukua kitu hicho. Anachojifunza ni kwamba kuleta kuna maumivu.

Tangu mwezi wa nne hivi meno 28 ya utoto huanza kung'oka na kupisha meno 42 ya utu uzima. Ufizi huuma, na masomo ya kuokota hupunguzwa au kusimamishwa hadi meno yatulie. Majira hayo yatumiwe kumfundisha amri za «Njoo» na «Kaa», kutembea kwa kamba, na kuufuata mlio wa filimbi.

Somo la maji

Watu wengine humtupa kilebu ziwani wakiamini kwamba ataogelea kwa asili yake. Ataogelea kweli, lakini huenda asikubali kuingia majini tena. Tena ukingo wa Ziwa Victoria si mahali pa majaribio. Mamba humkamata mbwa kwa urahisi. Na katika maji haba yaliyotulia kuna konokono watoao vijidudu vya kichocho ambavyo hupenya ngozi ya mfunzaji aliyesimama humo.

Hivyo somo lianzie nyumbani, katika karai lenye maji yasiyozidi kimo cha kifundo cha mguu wa kilebu. Maji ya ziwa yakitumika, yatunzwe saa 48 katika pipa lililofunikwa lisilo na konokono, kwa kuwa vijidudu hivyo havidumu zaidi ya muda huo. Mbwa akishakomaa, kazi yake iwe majarubani na katika matete ya nchi kavu. Kumtuma majini penye mamba kwa ajili ya bata mmoja ni kupoteza kazi ya miaka miwili kwa kitoweo cha siku moja.

Chanjo na sheria

Hapa hutokea mgongano. Kilebu yampasa aione dunia kabla ya juma la kumi na nne, lakini chanjo zake huwa hazijakamilika. Na hatari si ya kubuniwa. Mwaka 1994 ugonjwa wa distempa uliua kiasi cha theluthi moja ya simba wa Serengeti, hifadhi ambayo upande wake wa magharibi unakaribia Ghuba ya Speke. Na mbwa wa vijiji vya jirani walihesabiwa kuwa chanzo chake. Kichaa cha mbwa nacho, dalili zake zikishaonekana kwa binadamu, karibu hakina kupona.

Ufumbuzi si kumfungia kilebu. Abebwe mikononi au ndani ya kikapu apelekwe sokoni, stendi na mwaloni, bila kuwekwa chini palipopita mbwa wasiojulikana. Akutane tu na mbwa waliochanjwa. Na ratiba ya chanjo ipangwe na daktari wa mifugo mapema. Vilevile Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 inamtaka mwindaji awe na kibali. Yafaa ofisi ya wanyamapori iulizwe kuhusu matumizi ya mbwa kabla kilebu hajanunuliwa, si baada ya kufundishwa.

Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Wakazi wa mwambao wa ziwa wanajua pia kwamba hata samaki mbichi, akikunjwa kwa pupa, hupasuka. Kilebu naye hufundika mapema, lakini kwa mkono mtulivu, na kwa masomo mafupi yanayorudiwa kila siku.