Mwalimu, Mbona Kuna Mafuriko na Mfereji Mkavu?

Ninafundisha sayansi Kawangware, katika darasa la mabati. Mvua ya Aprili ikishika kasi, sauti yangu haifiki dawati la pili. Basi ikipusa, huwaachia wanafunzi zamu ya kuuliza.

Swali la kwanza halibadiliki: “Mwalimu, njia zimefurika, mbona mfereji umekauka?” Kwa sababu hatunywi mvua ya Kawangware. Maji mengi ya mifereji ya Nairobi hutoka bwawa la Ndakaini, Murang’a, chini ya milima ya Aberdare. Lilikamilika mwaka 1994 na hubeba mita za ujazo milioni 70. Milima hiyo ikikosa mvua, jiji huona kiu hata kama mitaro yetu inafurika. Maji ya mvua ya hapa hukuta lami na saruji, yakashindwa kuzama ardhini, yakakimbilia mtoni.

“Na mvua hutoka wapi, bahari ikiwa mbali hivyo?” Jua huvukiza maji ya Bahari ya Hindi, upepo ukaleta mvuke bara. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Hewa ikipanda huku hupoa, na mvuke hugeuka matone. Ushahidi tunao darasani: asubuhi za baridi ya Julai, pumzi za watoto hugusa mabati na dari hutona. Misitu nayo huongeza mvuke kupitia majani.

Msichana mmoja akaniuliza: “Mto Nairobi unanuka. Maji yake yakipanda mawinguni, mvua haitanuka?” Haitanuka. Jua huinua maji, uchafu ukabaki. Ndiyo maana mvua haina chumvi ingawa imetoka baharini. Lakini ikishuka huokota moshi wa matatu na vumbi la paa, kwa hiyo acheni ya mwanzo ipite kabla ya kukinga.

“Na uchafu uliobaki?” Huo husafiri. Mto huanzia kinamasi cha Ondiri, Kikuyu, hupita kwetu, Chiromo na katikati ya jiji, huingia Mto Athi, ambao mbele huitwa Galana, kisha Sabaki, na kumwagika baharini karibu na Malindi.

Kutoka huko jua litayainua tena maji, nayo yatarudi kwetu yakiwa safi, bila malipo. Lakini chupa za plastiki na bomba la choo lililoelekezwa mtoni haviondolewi na jua. Mzazi mwenzangu, hiyo ni kazi yetu.