Kuandika Maombi ya Ufadhili kwa Ajili ya Kheri: Tuchukue Mfano wa Kisima cha Tura

Bismillaahir-Rahmaanir-Rahiym.

Kila mwaka, na hasa Ramadhaan inapokaribia, kamati za misikiti na madrasa zetu huandika barua za kuomba msaada. Nyingi hazijibiwi. Tukakaa tukasema kwamba wafadhili wana watu wao. Huenda mara nyengine ni kweli. Lakini mara nyingi barua yenyewe ndiyo iliyoangusha jambo, kwani imeomba bila ya kueleza. Kwa kuwa wasomaji wetu wengi wa Unguja na Pemba wamo katika kamati hizo, na wengi zaidi ni wenye kutoa, tumeona tulieleze suala hili kwa pande zote mbili.

Tutatumia mfano wa Tura. Hii ni kata ya Wilaya ya Uyui, mkoa wa Tabora, kwenye Reli ya Kati. Zamani, misafara iliyotoka Bagamoyo ilivuka Ugogo, kisha pori la Mgunda Mkali lililoogopwa kwa uhaba wa maji, na ilipofika Tura ndiyo imeingia Unyamwezi. Burton na Speke walipita njia hiyo mwaka 1857. Wazee wetu nao walipita, wengine wakahamia Tabora moja kwa moja, na hadi leo zipo familia za visiwani zenye jamaa huko. Tuseme basi kamati ya msikiti wa kijiji katika kata hiyo inataka kuomba fedha za kisima. Ianzie wapi?

Kwanza: Eleza shida, si chombo

Kamati nyingi huanza kwa kusema, "Tunaomba kisima." Mfadhili hajui kwa nini. Andiko zuri linasema kaya ngapi zinahusika, maji yanachotwa wapi sasa, ni mwendo wa saa ngapi kiangazi, nani anayekwenda kuteka, na watoto wangapi wanakosa darasa kwa sababu hiyo. Hesabu hizo zisikisiwe. Watu wawili watembee nyumba kwa nyumba na daftari, na waombe takwimu za shule na zahanati. Kazi ya siku tatu hiyo ndiyo inayobeba andiko zima.

Na hapa tunasisitiza: msizidishe idadi. Wengine huona kuongeza kaya hamsini si kosa, maadamu jambo ni la kheri. Huo ni uongo, na fedha iliyopatikana kwa uongo haisafishwi na kazi iliyofanyiwa.

Pili: Hakikisha jambo linawezekana

Sehemu kubwa ya ardhi ya Unyamwezi imelala juu ya mwamba mgumu wa matale. Mtu anaweza kuchimba na asipate maji. Kwa hiyo upimaji wa maji chini ya ardhi hutangulia bajeti ya kuchimba. Zungumzeni mapema na RUWASA, wakala wa serikali unaoshughulikia maji vijijini tangu mwaka 2019, na mfuate taratibu za kibali za Bodi ya Maji ya Bonde husika. Maji yakipatikana, yapimwe chumvi na floraidi kabla ya kunywewa. Mfadhili akiona hatua hizi zimeandikwa, anajua anazungumza na watu waliokwishafikiri.

Tatu: Jua ni fedha ya aina gani

Hili ndilo linalosahauliwa zaidi, na ndilo linalotuhusu sisi kisharia. Zaka ina wenyewe, makundi manane yaliyotajwa katika Suurat At-Tawbah, aayah ya 60. Katika madhehebu ya Shaafi'iy ambayo watu wa visiwa wengi wanaifuata, na kwa wanazuoni wengi wengineo, zaka hukabidhiwa mtu anayeistahiki na haijengi msikiti wala kisima. Wapo wanazuoni wa zama hizi waliopanua maana ya "fiy sabiyliLlaah", lakini kamati isijichukulie rai hiyo bila ya kuuliza, na bila ya mtoaji kujua.

Kisima kinafaa kuombewa sadaka au wakfu. Tunakumbuka namna 'Uthmaan (radhiya Allaahu 'anhu) alivyokinunua kisima cha Ruumah, Madiynah, akakiachia Waislamu. Na mtoaji akiweka sharti, mfano fedha iwe ya pampu tu, sharti hilo lifuatwe. Pakitokea haja ya kubadili, aandikiwe kwanza aulizwe, kabla ya kutumia na si baada yake.

Nne: Bajeti inayosomeka

Kila kitu kiwe na mstari wake: upimaji, kuchimba, mabomba, pampu, tangi, usafirishaji, fundi. Patikaneni bei za wauzaji watatu, mziambatanishe. Mkihitaji posho za wasimamizi, ziandikwe wazi. Mfadhili hachukii posho iliyoandikwa. Anachokichukia ni posho iliyofichwa ndani ya bei ya saruji.

Onesheni pia mchango wenu wenyewe: kiwanja, mchanga, nguvu kazi, fedha kidogo. Visiwani tunao mfano. Mpango wa elimu ya awali kupitia madrasa, ulioanza Mombasa mwaka 1986 kwa msaada wa Taasisi ya Aga Khan na kufika Zanzibar mwaka 1990, ulitaka kila jamii iwe na kamati yake na ishiriki kwa mali na kazi kuanzisha na kuendesha skuli yake. Mtu hukilinda alichokitolea jasho.

Tano: Nani atakitunza?

Pampu huharibika. Andiko lisiloeleza nani atainunua nyengine linaomba kisima cha miaka miwili. Semeni nani atakusanya mchango wa maji, kiasi gani, utawekwa akaunti gani, na wajane na mafukara watasamehewa vipi.

Sita: Karatasi

Ambatanisheni cheti cha usajili, katiba, muhtasari wa kikao kilichopitisha ombi, na hati ya kiwanja. Akaunti iwe kwa jina la taasisi, yenye watia saini wasiopungua wawili, wala isiwe ya simu ya katibu. Kisha mchague mlango. Benki ya Maendeleo ya Kiislamu ya Jeddah, kwa mfano, ina msaada maalumu kwa jamii za Waislamu katika nchi zisizo wanachama, na Tanzania ni miongoni mwa nchi hizo. Lakini kila mfadhili ana fomu yake na tarehe yake. Barua moja iliyonakiliwa kwa watu ishirini hujulikana.

Baada ya kupokea

Imepokewa katika Al-Bukhaariy na Muslim kwamba mtu mmoja alitumwa na Mtume (swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) kukusanya zaka. Aliporudi alisema kuwa hiki ni chenu na hiki nimezawadiwa mimi. Mtume akamkemea, akauliza kama angezawadiwa lau angebaki nyumbani kwa wazazi wake. Basi kamisheni ya muuzaji wa pampu anayopewa mwenyekiti si riziki yake.

Wekeni risiti zote, bandikeni hesabu msikitini, na mpelekeni ripoti mfadhili hata kama hakuikumbusha. Kisima kikitoka kikavu, semeni kimetoka kikavu. Kamati iliyosema kweli inaweza kurudi mwakani kuomba tena, na iliyodanganya huwafungia mlango na vijiji vya jirani.

Nanyi mnaotoa, mkipelekewa ombi na jamaa aliye bara, mna haki ya kuuliza haya yote. Kuuliza si kumdhania mtu vibaya. Ni kumsaidia aibebe amana.

Na Allaah Anajua zaidi.