Sura ya Saba: Karani Mwenye Muhuri

Siku ya Jumanne, tarehe 25 Januari 2022, saa moja ya jioni kwa saa za Kigali, wakati ambapo ofisi nyingi za mjini zimekwisha kufungwa na watu wamo njiani kurejea Nyamirambo, Kimironko na Remera, kampuni ya Qualys ya Marekani ilitangaza kwamba ndani ya polkit, kifurushi kidogo kinachowekwa pamoja na takriban kila mfumo endeshi mashuhuri wa jamii ya Linux, mna kosa ambalo kwalo mtu yeyote mwenye akaunti katika mashine, hata awe wa daraja la chini kabisa, aweza kujitwalia mamlaka yote ya mashine hiyo pasi na kujua neno la siri la mtu. Wagunduzi waliliita PwnKit. Daftari la kimataifa la udhaifu wa programu likalipa nambari CVE-2021-4034. Na walipofuatilia asili yake wakakuta limo tangu Mei 2009, programu ya pkexec iliyomo katika kifurushi hicho ilipoandikwa kwa mara ya kwanza.

Miaka hiyo kumi na miwili na ushei ndiyo hasa miaka ambayo Kigali iliingia kwa vishindo katika mambo ya kompyuta. Mwaka 2010, kosa likiwa na umri wa mwaka mmoja tu, mafundi wa mitandao kutoka pande nyingi za Afrika walikutana mjini humo katika mafunzo na mkutano wa AfNOG. Mwaka 2012 Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon kikaanza kusomesha huko. Ikaja Irembo, ambayo kwayo mwananchi huomba huduma za serikali bila kupanga foleni. Mwaka 2017 ikatungwa sheria ya kuunda mamlaka ya taifa ya usalama wa mitandao, na Oktoba 2021 sheria ya kulinda data za watu binafsi. Nayataja haya si kwa kuzituhumu taasisi hizo, hasha, bali nipate kuonyesha ya kuwa mji uliweza kujengeka, sheria zikatungwa na mitambo ikasimamishwa, ilhali kosa lile limelala mahali pake, likinakiliwa katika kila mashine mpya iliyowekewa Ubuntu, Debian au CentOS.

Ili kosa lenyewe lifahamike, hatuna budi kwanza kutazama jinsi mamlaka yanavyogawanywa. Katika mifumo ya jamii ya Unix yuko mtumiaji mmoja mkuu, jina lake root, ambaye hazuiwi na chochote: husoma faili ya yeyote, hubadili, hufuta, huzima. Wengine wote ni raia wa kawaida, kila mmoja na mpaka wake. Walakini raia naye huwa na haja ambazo hazitimizwi ila kwa mamlaka ya mkuu. Hata kubadili neno lake la siri mwenyewe kwahitaji kuandika katika faili ambayo haruhusiwi hata kuisoma. Kwa ajili hiyo waasisi wa Unix walibuni programu chache zenye alama maalumu, ambayo katika orodha ya faili huonekana kama herufi s, na kwa alama hiyo programu hufanya kazi kwa mamlaka ya root ijapokuwa aliyeiita ni mtu wa kawaida. Programu ya sudo ni mojawapo. Pkexec, ambayo huendesha programu aliyoitaja mtumiaji, ni nyingine. Na kwa kuwa programu ya namna hii husikiliza maneno ya mtu asiyeaminika huku imeshika mamlaka yote mkononi, kila mstari wake ni mahali pa hatari. Hata sudo ilikuwa imekwisha kupatwa, tarehe 26 Januari 2021, kampuni ile ile ilipofichua ndani yake kosa lililodumu kwa takriban miaka kumi.

Programu inapoitwa, kiini cha mfumo huiwekea katika kumbukumbu orodha mbili, ya pili ikiifuata ya kwanza bila ukuta wa kuzitenga. Ya kwanza ni ya maneno ya amri, ambamo neno la mwanzo kwa desturi ni jina la programu yenyewe, na yanayofuata ni maagizo. Ya pili ni ya vigeu vya mazingira, kama vile lugha ya mtumiaji na njia za kutafutia programu. Waandishi wa pkexec, wakijua kwamba neno la mwanzo ni jina tu, walianza kusoma tangu la pili. Lakini hiyo ilikuwa desturi, wala hapakuwa na kanuni ya kuilazimisha, kwani mwenye kuita programu aliweza kuiita kwa orodha tupu. Mfano wake ni karani mwenye muhuri wa liwali aliyezoea kuruka mstari wa kwanza wa kila barua: akiletewa barua isiyo na mstari hata mmoja, macho yake huteremka hadi karatasi iliyo chini yake, naye kwa nia njema huisoma kana kwamba ndiyo barua, na lililo baya zaidi, huisahihisha kwa mkono wake mwenyewe.

Kule kusahihisha ndiko kulikoleta balaa. Ilipokuta jina la programu lisiloanza na mkwaju, pkexec iliitafuta programu hiyo katika njia zilizoorodheshwa, na ilipoipata ikaandika anwani yake kamili pale pale iliposoma jina; na mahali hapo, orodha ya kwanza ikiwa tupu, palikuwa ni pa kigeu cha kwanza cha mazingira. Mfumo una mlinzi wake: kabla ya programu yenye herufi s kuanza kazi, vigeu vya hatari hufutwa, kimojawapo kikiwa GCONV_PATH, ambacho huielekeza mashine mahali pa kuzipata maktaba za kubadilisha usimbaji wa herufi. Mshambuliaji, kwa kupanga majina ya saraka na faili kwa ustadi, aliifanya pkexec yenyewe iandike upya kigeu hicho baada ya mlinzi kumaliza zamu yake. Kilichobaki ni kuifanya programu ilalamike: ipewe jambo lisilo sawa, itake kuchapa ujumbe wa kosa, ujumbe uhitaji kubadilishwa herufi, maktaba ipakiwe kutoka saraka ya mshambuliaji, na maktaba hiyo iendeshwe kwa mamlaka ya root. Hapana kubahatisha, wala haikuwa lazima huduma ya polkit iwe inafanya kazi wakati huo. Kwa upande wa ufundi ni kazi ya kupendeza, ingawa haipendezi kuisema hivyo mbele ya mtu aliyekesha akitengeneza.

Wala si kwamba hapakuwa na wa kuonya. Mwaka 2008, kabla pkexec haijazaliwa, Michael Kerrisk, wakati huo mtunzaji wa kurasa za mwongozo wa Linux, alihoji kwa nini kiini cha mfumo kinaruhusu programu kuitwa kwa orodha tupu, na hayakupatikana mapatano ya kubadili neno. Mwaka 2013 mwandishi wa programu aitwaye Ryan Mallon akaiona hitilafu ndani ya pkexec yenyewe, akaandika juu yake na kupeleka kiraka, lakini kwa kuwa hakupata njia ya kuigeuza kuwa shambulio, jambo likapita. Kwangu mimi hii ndiyo sehemu ya kisa inayosikitisha kuliko zote, kwamba kasoro iliyo dhahiri ilidaiwa kwanza ithibitike kuwa ni hatari ndipo ihesabiwe kuwa yastahili kutengenezwa, ilhali gharama ya kuitengeneza ilikuwa mistari michache.

Naam, mistari michache. Kiraka cha polkit chaweza kumvunja moyo mtu aliyetarajia makubwa: pkexec inapoanza huhesabu maneno ya amri, na ikikuta hesabu ni chini ya moja huondoka papo hapo. Lakini kiraka hicho kilikuwa cha polkit peke yake, na hapana aliyeweza kuapa kwamba hakuna programu nyingine iliyojengwa juu ya dhana ile ile; ndiyo maana watunzaji wa kiini cha Linux nao, miaka kumi na minne tangu swali la Kerrisk, waliamua katika toleo la 5.18 la mwaka 2022 kwamba orodha ikija tupu itiwe neno moja lisilo na herufi, ili karani asikose tena mstari wa kuruka. OpenBSD, mfumo mwingine wa jamii ya Unix, ilikuwa salama tangu awali, maana kiini chake hukataa kabisa mwito wa namna hiyo. Na kwa asiyeweza kungoja kiraka ilikuwako dawa ya muda, nayo ni kuivua pkexec ile herufi s kwa amri chmod 0755 /usr/bin/pkexec. Programu hubaki mahali pake bila mamlaka, na katika seva aghalabu hapana atakayeikumbuka.

Sasa tukifuate kiraka hadi Kigali. Qualys iliiarifu Red Hat, kampuni yenye mfumo wake wa Linux, tarehe 18 Novemba 2021. Tarehe 11 Januari watunzaji wa mifumo mingine wakajulishwa kwa faragha, vifurushi vikaandaliwa, na siku ya kutangaza ikawekwa moja kwa wote. Saa chache baada ya tangazo, programu za kushambulia zilikuwa zimekwisha kuenea, hata msimamizi aliyeamka asubuhi ya tarehe 26 alikuwa sambamba na wezi, si mbele yao. Mwenye Debian 11 aliandika apt update, kisha apt upgrade, na kifurushi chake kikatoka 0.105-31 kikawa 0.105-31+deb11u1. Hapa wengi huchanganyikiwa, kwa sababu watungaji wa polkit walikuwa wamefika toleo la 0.120, na mtu husema moyoni kwamba amepewa kitu cha kale. La, desturi ya mifumo inayopenda utulivu ni kulishika toleo lile lile na kulitia kiraka peke yake, ili mengine yasivunjike, kwa hiyo habari yote imo katika mkia wa nambari. Mwenye Ubuntu 16.04 alikuwa na shida iliyo kubwa zaidi. Msaada wa kawaida wa toleo hilo ulikwisha Aprili 2021, na kiraka chake kilitolewa kwa waliojiandikisha katika huduma ya ziada tu. Asiyejiandikisha aliendesha amri zile zile, akajibiwa kwamba hakuna kifurushi kipya, akarudi kitini ameridhika.

Wako wanaolichukulia kosa la namna hii kuwa jepesi, kwa hoja kwamba mshambuliaji hana budi awe na akaunti ndani ya mashine, na hata alama liliyopewa, 7.8 kati ya 10, haiogofyi sana. Mimi siikubali hoja hiyo. Katika chuo, wanafunzi mamia huweza kugawana seva moja, kila mmoja na akaunti yake halali. Na katika seva ya tovuti, fomu moja iliyoandikwa kwa uzembe yatosha kumpa mgeni amri za mtumiaji www-data, ambaye peke yake hana kubwa la kufanya, lakini akiwa na PwnKit huwa mwenye nyumba. Sheria ya Rwanda ya mwaka 2018 kuhusu makosa ya mitandao humwadhibu anayeingia pasipo idhini. Humwadhibu baada ya kuingia, na baada ya kupatikana.

Basi msimamizi amalizeje? Asome mkia wa nambari ya kifurushi, si neno la kuridhisha la apt. Kuizima na kuiwasha mashine si lazima, kwa maana pkexec huanza upya kila inapoitwa. Kiraka cha kiini ndicho kinachohitaji hivyo. Apekue daftari la uthibitisho, maana baadhi ya mashambulio huacha humo malalamiko juu ya kigeu cha SHELL, ila akikosa kuyaona asijipe yakini, kwani njia ya kuingia bila kuacha alama ilijulikana tangu siku ya kwanza. Kisha arejee kwenye violezo ambavyo kwavyo mashine mpya huzaliwa, kwa sababu kiolezo kilichotengenezwa mwaka 2021 kitaendelea kuzaa mashine zenye kosa hata seva zote zilizopo zikiwa zimepona. Tarehe 27 Juni 2022, miezi mitano baada ya kiraka kutoka, shirika la usalama wa mitandao la Marekani, CISA, liliingiza PwnKit katika orodha yake ya udhaifu ambao wahalifu wanautumia.